Keram ya Meza Iliyoinama

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Jumamosi, shemeji yangu aliweka mtaji wa mkewe, dada yangu, kwenye ukingo wa meza ya keram huko mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa Nairobi, akaniambia, "Weka zako, fundi, ama urudi Kawangware ukapige randa."

Zilikuwa pesa za kununulia debe la omena, dagaa anaowauza dada. Dada alikuwa amemtuma sokoni asubuhi. Yeye alifika kwenye kibanda hiki cha mabati, karibu na mlango wake mwenyewe, akaona ametembea vya kutosha. Mara mbili alikuwa amepoteza mtaji hapo, na mara mbili dada akakaa nyuma ya sinia tupu, akikopa unga. Mara ya tatu ingemfungia biashara. Ndiyo sababu nilijifunza keram. Si kwamba niliupenda mchezo wenyewe.

Sijaona mchezo unaodai akili kidogo na kuzaa majivuno mengi hivyo. Kuna kete nyeupe, kete nyeusi, na moja nyekundu inayoitwa malkia. Unafyatua straika, kete kubwa ya kupigia, kwa ukucha, unasukuma kete zako kwenye mashimo ya pembeni. Ni hayo tu. Watu wazima wanashinda hapo mchana kutwa, kisha wanalia kwamba Nairobi haina kazi.

Nilijitengenezea meza ya plaiwudi kwenye karakana yangu, nikaipiga msasa, nikainyunyizia poda ya mtoto, nikaisawazisha kwa pimamaji. Nilifyatua kila jioni mpaka ukucha ukawa mweusi. Kisha nikaenda Kisumu Ndogo kujaribu, tukicheza kwa soda tu, na kila kete yangu ikapinda kushoto. Wakanicheka. "Lazima ujue meza, mzae," walisema. Nilitazama chini. Kibanda kimejengwa kwenye mteremko wa mtaro, na meza imeinama nacho. Huo ndio ubingwa wao wote: wamezoea kilema cha meza, wakakiita kipaji.

Kwa hiyo Jumamosi ile niliweka pesa zangu, kisha nikatoa pimamaji mfukoni. Kipovu kilikimbilia upande mmoja kama mpangaji aliyemwona mwenye nyumba.

"Fundi, hapa tunacheza, hatupimi kaburi!" mmoja wa watazamaji akapaza sauti.

Niliomba ruhusa ya kuweka vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya meza. Shemeji angeweza kukataa. Lakini mjinga mpenda sifa hakatai kitu mbele ya watu.

"Weka hata godoro, shem. Leo nakunyoa bila maji."

Nikaviweka, kipovu kikatulia katikati. Shemeji akalenga kulia kidogo kwa shimo, kama alivyozoea. Kete ikaenda kulia kidogo kwa shimo. Akalenga tena vilevile.

"Poda mbaya," akasema. Baadaye: "Ni upepo."

"Upepo gani ndani ya mabati, shem?" watu wakaangua kicheko.

Hakubadilisha mlengo hata mara moja. Nilitia kete yangu ya mwisho, nikabeba pesa zote. Yeye akabaki akieleza kwamba meza imerogwa.

Nilimpa dada mtaji wake mkononi. Akaukunja vizuri, kisha akachomoa noti moja na kumpelekea mumewe, "ya chai, asinune."

Niliokoa elfu mbili na mia nne. Zilizofika sokoni ni elfu mbili na mia mbili.