Niliandika Siri ya Mdogo Wangu Kwenye Daftari la Mazoezi

Admin, nifichie jina, maana huku kwetu Kibiti watu tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa pili chuo kikuu Dar es Salaam, nasomea sayansi ya michezo. Ni wiki ya tatu sasa sili vizuri, na aliyenifikisha hapa ni mimi mwenyewe.

Nilipochagua kozi hii nyumbani walinicheka. Mjomba aliniuliza, "Kukimbia nako kunasomewa? Huku kiboko akitoka mtoni kila mtu mwanariadha, na cheti hana." Bibi yangu, mama yake mama, ambaye hupenda kuniita mke mwenzake, alisema, "Wenzio wanasomea kuchoma sindano, weye mke mwenzangu umekwenda kusomea jasho." Nilicheka nao, lakini iliniuma. Aliyeniamini ni mmoja tu, mdogo wangu. Nitamwita Zuhura, ingawa si jina lake. Yuko kidato cha pili, na tangu akiwa mdogo alikuwa anakimbia kwa namna ambayo mtu ukimwona unasimama.

Likizo iliyopita nilimfundisha kila alfajiri baada ya swala. Tulikimbia kwenye njia inayopita kando ya mashamba ya mpunga, yeye mbele, mimi nyuma na saa mkononi. Nilimfungulia daftari kama tunavyofundishwa chuoni: umbali aliokimbia, saa alizolala, mapigo ya moyo akiamka. Kila asubuhi nilimshika kifundo cha mkono nikihesabu, naye akinitania, "Dada, bado nipo hai?"

Asubuhi moja alinong'ona kwamba amevunja ungo. "Usimwambie mtu, dada. Bibi akijua nitawekwa ndani. Ngoja kwanza nikimbie majaribio." Majaribio hayo ni ya kupata nafasi kwenye shule ya vipaji vya michezo. Nikamwapia. Kwetu binti akivunja ungo huwekwa ndani mwali, hatoki hadi siku ya ngoma. Hata mimi nilikaa, mwezi mzima, ila kwangu iliangukia likizo ya shule.

Kisha nikafanya kosa. Chuoni tunafundishwa kwamba mwalimu wa mwanariadha wa kike aandike na siku zake za hedhi, ili ajue lini ampunguzie mazoezi. Nikaongeza safu ya mwisho, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, kila kitu wazi. Daftari nikamwachia Zuhura aendelee kulijaza.

Niliporudi chuo tulipewa kazi ya kuwasilisha maendeleo ya mwanariadha mmoja. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu kwamba hata kijijini kwetu kuna mtu. Zuhura alikuwa shuleni na kazi ilitakiwa siku hiyohiyo, basi nikampigia binamu yetu anayeishi pale nyumbani nikamwomba apige picha kurasa zote anitumie. Naye akaketi barazani kufunua daftari, bibi akamwuliza limeandikwa nini. Akamsomea. Sikumlaumu, hakujua. Mimi niliyejua ndiye niliyesahau kwamba kinachoitwa kumbukumbu chuoni, nyumbani ni habari.

Nilipata A. Lakini jioni ya siku ileile liliposomwa daftari, Zuhura aliwekwa ndani.

Shuleni walipelekewa salamu kwamba anaumwa, anatibiwa hospitali ya Mchukwi. Ngoma wamepanga baada ya mavuno. Nilimpigia baba, ambaye hukata nguzo za mikoko huko visiwani na hurudi baada ya wiki kadhaa. Akasema, "Mwanangu, mambo ya mwali ni ya bibi yako. Mimi mwanamume, mlango ule hata sipiti."

Nikasafiri. Nilimpigia bibi magoti, nikamweleza kwamba pumzi ya mkimbiaji hupotea upesi akikaa bila mazoezi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole, na hapo ndipo ilipouma zaidi. "Na weye ulikaa ndani. Ulikosa nini? Si weye huyo uko chuo? Miye simfungi, mke mwenzangu. Namlea kama nilivyokulea weye." Nikamtazama mama. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso.

Waliniruhusu kuingia kwa Zuhura kwa kuwa mimi ni mkubwa wake na nimeshachezwa ngoma. Alikuwa ameketi mkekani, ameelekea ukutani, miguu ameikunja ndani ya khanga. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kifundo chake, kama kila asubuhi. Akauvuta taratibu. Akanong'ona bila kugeuka:

"Na leo utaandika nini, dada?"

Nilitoka nikalia nyuma ya jiko mpaka mama akaja akanifuta uso kwa upande wa khanga yake.

Juzi mwalimu wake wa michezo kanipigia. "Mgonjwa wetu anaendeleaje? Majaribio ni Ijumaa ya wiki ijayo. Asipokuja, nafasi anapewa mwingine." Nikamjibu anaendelea vizuri. Nimemdanganya mtu pekee ambaye angeweza kunisaidia.

Ndugu zangu, nikienda kwa mtendaji wa kata nikasema mwanafunzi yuko ndani, Zuhura atatolewa siku hiyohiyo. Lakini bibi yangu atapelekwa kituoni na uzee wake, mama naye, na mimi sitakuwa na mlango wa kubisha tena pale nyumbani. Nikinyamaza, mdogo wangu atatoka siku ya ngoma akiwa amepambwa, watu wakimtunza na kumshangilia, na Ijumaa yake imeshapita.

Wenye wadogo, na wazee mlio humu, nishikeni mkono. Mara ya kwanza nilitoa siri nikamfunga mtu aliyeniamini. Nikisema tena, nitakuwa namfungua, au nitakuwa nawafunga na waliobaki? Nifanye nini?