Sahani Moja, Picha Tatu

Juzi mvua ikipiga bati la mama lishe hapa Tukuyu, mama mmoja kutoka kijiji cha Ikuti aliketi kwenye benchi nililokalia na wanawe watatu, akaagiza sahani moja ya ndizi nyama. Akaiweka mbele ya wa kwanza, akatoa simu.

"Cheka, baba akuone."

Akampiga picha, akaisogeza sahani kwa wa pili, kisha wa tatu. Hakuna aliyeigusa, walishazoea.

"Kila Jumamosi namtumia," alimwambia mama lishe. "Akijua hali yetu ataacha kazi machimboni Chunya, arudi tufe njaa wote."

Ndipo watoto wakaivamia ile sahani. Simu ikalia. Baba naye katuma picha: anacheka, mbele yake wali na samaki mzima. Nikachungulia. Mama aliikuza kwa vidole viwili, tabasamu lake likafifia. Pembeni mwa picha, mkono wa mtu mwingine ulishika ukingo wa sahani, ukiisubiri.

"Baba yenu amenenepa," akasema, akaifudikiza simu mezani.

Sisi wengine tunapiga picha chakula ili tuonewe wivu. Wale wawili, kila mmoja anapiga ili mwenzake apate usingizi.