Kutoka Shively hadi Mtaa wa Mageisha wa Kanazawa

Nilikwenda Japani kwa sababu mwanangu Nadine alikuwa anapimwa. Nadine nilimzaa katika kambi ya wakimbizi ya Kibondo, akakulia ughaibuni, Louisville, tulikopewa makazi, na chuo chake kilikuwa kimempeleka mji wa Kanazawa kusoma Kijapani kwa mwaka mmoja. Huko akaomba kujiunga na kikundi cha watu wanaojitolea kutembeza wageni katika mtaa wa zamani wa mageisha. Siku ya mtihani angeongoza msafara peke yake, mzee mmoja wa kikundi akimfuata na kumtazama. Alinipigia simu akasema, "Mama, natamani ungekuwepo." Basi! Mimi ni mtu wa kubembelezwa mara mbili? Pasipoti yangu ya bluu, ya uraia mpya, ilikuwa imelala kabatini haina hata muhuri mmoja. Nikaomba likizo pale ghalani ninapofungasha mizigo, nikafunga sanduku.

Louisville, asubuhi. Niliondoka Shively, mtaani kwetu, nimevaa kitenge changu kizuri na raba za kazini, kwa maana Nadine alisema msafara wake ni wa kutembea kwa miguu. Kwenye basi la kwenda Columbus niliwaambia abiria wawili nisiowajua kwamba ninaelekea Japani. Hawakuwa wameniuliza.

Columbus. Mdogo wangu Goreti anakaa Whitehall, na nilishuka kwake kupumzika. Alinipakulia ugali na isombe, kisamvu chetu, halafu akaanza.

"Dada, hao mageisha si ndio wale wanawake wa baa?"

"Ni wasanii. Wanasomea ngoma na kinanda cha nyuzi miaka mingi. Nadine amenieleza."

"Haya, tuseme ni wasanii. Na wewe unadhani Nadine atataka wenzake wakuone? Watoto wetu wa huku wanatuonea aibu. Wangu nikimpeleka shule ananiambia nimshushie kona ya nyuma. Utakwenda mpaka mwisho wa dunia ukafichwe, dada yangu."

Nilimwambia ale anyamaze. Lakini iliniuma, sisemi uongo, na yale maneno nilisafiri nayo.

Buffalo. Kaka yetu mdogo, Nestori, anaishi North Buffalo, na yeye ndiye aliyeniwahisha uwanja wa ndege wa Toronto, ng'ambo ya daraja la mpakani, maana ndege ya moja kwa moja ilitokea huko. Njia nzima alinitania. "Ukifika usisalimie kila mtu barabarani. Utawamaliza Wajapani wote saa ngapi?" Ofisa wa mpakani alifungua pasipoti yangu, akanitazama, akasema niwe na safari njema. Jamani! Mimi niliyekaa kambini miaka yote ile nikisubiri kibali cha kutoka getini! Nililia mpaka Nestori akawasha redio.

Tokyo sikuiona. Niliona ngazi, vioo na watu wanaotembea kasi bila kugongana. Nikapanda treni ya mwendo kasi, ambayo njia yake ya kufika Kanazawa ilikuwa bado mpya, na milima ikapita dirishani kabla sijamaliza kuishangaa.

Kanazawa, jioni. Nadine alinikumbatia stesheni mpaka nikakosa pumzi. Tulipofika chumbani kwake akakaa chini, akaanza kuongea Kiingereza harakaharaka, na hapo nikajua kuna jambo.

"Mama, kesho usiseme wewe ni mama yangu. Bwana Okuda, huyo mzee anayenipima, atadhani nimejaza ndugu zangu msafarani. Uwe mgeni tu, kama wageni wengine."

Nilijibu, "Sawa." Nilijilaza kwenye godoro la chini, Goreti akiongea masikioni mwangu kutoka Whitehall.

Asubuhi, kwenye mti unaoinamisha matawi pale mtaa unapoanzia, tulikuwa wageni wachache: Waaustralia, mtu na mkewe kutoka Ujerumani, na mimi. Bwana Okuda alisimama nyuma, mikono mgongoni, mwembamba, hacheki. Nadine aliinama akatoa sharti la kwanza: tuongee kwa sauti ya chini, tusiguse kitu, kwa sababu hizi ni nyumba za watu. Macho yake yalinipita kama hanijui.

Ah, lakini aliongoza! Nyumba za pale ni za mbao nyeusi, madirisha yamezibwa kwa fito nyembambanyembamba, aliye ndani anakuona na wewe humwoni. Alituonyesha wapi wasichana wanajifunza kupiga ngoma, akatueleza kwa nini geisha aliyezeeka anaheshimiwa kuliko kijana, na Mjerumani alipouliza swali la kipuuzi kuhusu wanawake hao, Nadine alimjibu kwa upole kabisa mpaka mkewe akamfinya. Kutoka ghorofani tulisikia nyuzi za kinanda zikijaribiwa. Nilitamani kumshika Mwaustralia bega nimwambie, huyu ni wangu. Nikajiuma ulimi.

Tukasimama mbele ya nyumba moja ya chai inayofanya kazi hadi leo. "Hapa mgeni haingii kwa kuwa ana pesa," alisema Nadine. "Anaingia akiletwa na mtu anayejulikana. Na mgeni akiharibu, lawama ni ya aliyemleta."

Mimi nilikuwa natazama juu ya mlango. Palining'inia hindi! Hindi kavu lenye maganda yake, kama tunavyotundika mbegu jikoni juu ya moshi. Na kamba yake ilikuwa imelegea, linakaribia kuanguka. Hivi mwanamke wa kwetu ataacha mbegu ianguke? Mikono ilikwenda yenyewe. Nikapanda jiwe la mlangoni, nikafungua kamba, nikakaza fundo letu lile la maganda mawili.

"Mama!" Nadine aliita. Kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya wote.

Mlango ukasogea. Akatoka mwenye nyumba, mama mzee aliyevaa kimono ya kijivu, akaniangalia nilivyosimama juu ya jiwe lake. Baadaye ndipo nilielezwa kwamba hindi lile si mbegu, ni kinga ya nyumba, hutundikwa likitoka kuombewa hekaluni. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu: nimemuulia mtoto mtihani wake. Bwana Okuda alikuwa ameshaanza kusogea mbele ili aombe radhi.

Mwenye nyumba aliuliza kitu kifupi. Nadine amenitafsiria mara nyingi tangu siku ile: "Nani amemleta huyu?"

Angeweza kusema ni mgeni tu, hajui. Isingekuwa hata uongo mkubwa. Nadine alikuja akasimama kando yangu, akanishika mkono, akainama mpaka nywele zikamwangukia usoni. "Nimemleta mimi. Ni mama yangu. Kwetu hindi likilegea mlangoni, anayepita hulifunga. Kosa lake ni langu."

Na mimi nikainama. Nilikaa nimeinama hivyo hivyo.

Yule mama alinyoosha mkono akalivuta hindi. Halikutikisika. Akalivuta tena kwa nguvu zaidi, akacheka akiziba mdomo kwa mkono wa kimono, akasema tuvue viatu, wote. Bwana Okuda amewatembeza watu mtaa ule tangu astaafu, na alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti kile. Aliingia wa mwisho, raba zangu za Shively akizipanga vizuri karibu na viatu vyake. Tulikunywa chai ya kijani, nzito, chungu kweli. Niliimaliza yote.

Tulipotoka nje Bwana Okuda alivua kitambaa cha waongozaji mkononi mwake mwenyewe, akamfunga Nadine. Weee! Nilipiga vigelegele mle mle mtaani, sharti la kwanza na lipotee, na hakuna aliyeninyamazisha.

Nilirudi kwa njia ile ile: Toronto, Buffalo, Columbus, Louisville. Goreti alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka akaosha vyombo, nami sikumcheka. Nilichojifunza ni hiki: tunawapa watoto wetu majina yetu, halafu tunakaa miaka mingi tukisubiri kuona kama watayabeba mbele za watu. Wangu nimemwona. Jumapili iliyofuata niliposimama kanisani kutoa ushuhuda, mchungaji aliuliza safari hiyo nilipelekwa na shirika gani. Nikamwambia, "Sikupelekwa na shirika, mchungaji. Mimi nililetwa na Nadine."