Mgeni wa Miaka Sita

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikiona mwanamke ameketi nyuma ya wenzake mkutanoni, kichwa ameinamisha. Nami niliketi hivyo.

Nilitoka Bukavu, Kongo, nikaja kuolewa huku Kamembe, upande wa Rwanda. Nilikuwa na shule ya msingi tu na haya nyingi. Mbele ya watu ulimi wangu uliganda. Mzee wa kijiji alipopita na daftari la wakazi, mume wangu alimwambia, "Huyu ni mgeni tu, atarudi kwao." Nikasikia, nikaendelea na kazi. Nilidhani mgeni hasumbuliwi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nililima miaka sita, nikazaa mtoto, na daftarini sikuwemo.

Mume wangu alinipiga. Karatasi yangu ya kuvukia mpaka aliifungia sandukuni. "Ukisema, watakutupa ng'ambo, na mtoto atabaki," alisema. Nilimwamini. Mchana niliona mabati ya Bukavu yaking'aa ng'ambo ya ziwa, na sikuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba naumwa. Kuona kwenu kila siku na usiweze kufika, mwanangu, ni upweke usio na jina.

Siku mume wangu aliponivunja mkono, jirani yangu Maman Feza, mama mzee aliyekulia Kongo, alinikuta nachota maji kwa mkono mmoja. Hakunipa pole.

"Weye! Ni miaka ngapi unakaa hapa?"

"Sita, Maman."

"Na bado unajificha kama kuku ya kuiba? Twende."

Kwenye ofisi ya serikali, karani kijana hakutazama mkono. Alitazama daftari. "Jina yake haiko humu. Karatasi yake iko wapi?"

"Iko kwa bwana yake, mwenye kumupiga," Maman Feza alijibu. "Sasa uniambie, mutoto yangu: huu mukono wenye kuvunjika, ni wa Kongo ao wa Rwanda?"

Waliokaa kwenye benchi walicheka. Karani hakucheka. Alichukua karatasi mpya, akaniuliza jina. Maman Feza angeweza kunijibia, lakini aligeukia dirisha makusudi. Nikalisema mwenyewe.

Nilipelekwa hospitali kwanza. Kesi ilichukua muda mrefu, ila mtoto alibaki nami, kwa sababu majirani walisema mbele ya watu yale waliyoyasikia kupitia ukuta. Karatasi yangu ilirudi mama yangu akiwa ameshazikwa Bukavu. Hilo hakuna hakimu wa kulirudisha. Ningesema mwaka wa kwanza, ningemzika mwenyewe.

Basi, mwanangu, ukiolewa mbali na kwenu, usikubali kuitwa mgeni katika nyumba unayoipikia. Acha nakala ya karatasi yako kwa mtu unayemwamini. Ukipigwa, nenda hospitali, nenda ofisini, nenda na shahidi, hata kama mikono ni mitupu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nawe ukija kukalia kiti cha ofisi au kutunga sheria, tazama jeraha kabla ya kuuliza mtu alizaliwa wapi. Mwanamke asilazimike kumwomba anayempiga karatasi ya kumshtakia.

Mungu akutunze, mwanangu. Akujalie jirani mwenye mdomo mkali, na siku ya shida akute mlango wako uko wazi.