Hoteli za Telesfori

Telesfori, fundi baiskeli wa hapa Makanyagio, ana hoteli arobaini na moja, na hajawahi kulala hata kwenye moja. Ni postikadi za zamani zenye picha za hoteli za Kigoma, Nairobi na Mombasa, magari ya kizamani yamepangwa mlangoni. Nyingine kazikuta ndani ya vitabu vya mitumba, nyingine kapewa na mapadre. Anazitunza kwenye kopo la biskuti, juu ya tairi. Mimi jirani yake nimemtania miaka.

"Bwana hoteli, leo kuna chumba?"

"Kumejaa. Nenda gesti."

Utani ulinitoka siku aliponieleza kilichomwanzisha. Baba yake, Antoni, alikuwa mpishi wa hoteli moja Bujumbura. Mwaka 1972, mauaji yalipozuka nchini kwao, Telesfori akiwa bado anabebwa mgongoni, mama yake alipokea kijijini kadi yenye picha ya hoteli hiyo. Mama hakujua kusoma, na katekista aliyekuwa akimsomea barua alikuwa ameshakimbia. Siku ya tatu nao wakakimbia. Sufuria aliiacha, kadi akaibeba. Antoni hawakumwona tena.

Walipopewa kiwanja Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi huku kwetu, mama akaibandika ukutani kwa uji wa muhogo, picha ikiwa nje, kama watu wanavyobandika kalenda. Telesfori alipojua kusoma akataka kuibandua, akakatazwa. Mama aliogopa maneno ya nyuma. Dada yake, Emelyne, hakuona la kuogopa: baba alinogewa na mji akawasahau, basi. Mama akafa bila kusomewa.

Mwezi uliopita Emelyne akapiga simu. Nyumba ile ya udongo inabomolewa, anajenga ya tofali. "Kadi yako ukiitaka, njoo kesho. Mafundi hawangoji mtu."

Nikampakia kwenye pikipiki yangu alfajiri.

Tulikuta bati limeshaezuliwa, mafundi wameshika sululu. Telesfori akabandika kitambaa kibichi juu ya kadi, akangoja, akakilowesha tena. Mimi sina subira, nikamwambia avute. Akanitazama jicho moja, akaongeza maji. Hatimaye kadi ikatoka, pembe moja ikabaki ukutani. Kumbe mama alipaka uji pembeni tu, katikati penye maandishi hakugusa. Nilimshukuru mama huyo ambaye sikuwahi kumwona.

Telesfori akasoma kimoyomoyo. Kisha akasoma kwa Kirundi, dada yake asikie, na kwa Kiswahili kwa ajili yangu.

"Dirisha nililotia alama ndilo la jikoni kwangu. Nimepata chumba. Njoo na watoto. Mlango wa mbele watakufukuza, zunguka nyuma, uulize Antoni."

Aligeuza kadi. Kweli, kwenye dirisha la chini palikuwa na kialama cha wino. Utotoni alikuwa akikisugua kwa kidole, akidhani ni uchafu wa nzi.

Emelyne akakaa juu ya tofali. "Kumbe alituita," akasema. "Miaka yote hii namtukana, kumbe alituita."

Telesfori akaweka kiganja ukutani, pale palipokuwa na kadi. "Asante, mama," akasema. "Asante hukuitupa."

Fundi mmoja akauliza kama waendelee. Emelyne akafuta macho kwa khanga.

"Nyie anzeni kule nyuma," akawaambia. "Huu ukuta niachieni leo."