Kikaratasi cha Mfukoni mwa Baba

Juzi, maabarani, nilikuwa napima salfa kwenye rojo la mbao la kutengenezea karatasi. Kikaratasi cha kupimia kikageuka cheusi, nikamkumbuka baba.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, alikuja likizo nyumbani Kawetele kutoka kiwanda cha karatasi, koti lake likinuka mayai viza. Mama alilitundika mbali, migombani. Mfukoni nilikuta kikaratasi kama hicho, cheusi.

“Kimeungua, baba?”

“Hapana, mwanangu. Kimenusa gesi. Mimi siku hizi siisikii harufu yake kabisa.”

Nilimkimbilia mama jikoni na habari njema: baba ameshaizoea! Mama akamshukuru Mungu.

Leo nawafundisha vijana kwamba gesi hiyo huua pua kwanza, kisha mtu. Baba alirudi kazini Jumatatu. Ijumaa aliletwa, na jeneza lilinukia mbao mpya tu.