Zamu ya Saksafoni

Usiku ule nililala na kanga ya jikoni, sikuoga, sikubadilisha. Ilikuwa imetimia arubaini ya mume wangu. Watu walikuwa wamesoma, wamekula, wameondoka, na mimi sikuwa nimetoa chozi tangu siku ya kwanza. Wanawake wa kota za reli walinong'ona kwamba huyu mama ana roho ya chuma. Si chuma. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaufinya, unaona kabisa vidole vyako vinafinya, husikii kitu.

Juzi yake mjukuu wangu Zaituni, anayekaa nami siku hizi za eda, alikuwa ameniwekea santuri ya babu yake akidhani nitachangamka. Hiyo santuri lazima niieleze, maana bila hiyo hakuna ndoto.

Ni ya Wamarekani weusi wawili, mmoja na tarumbeta, mwenzake na saksafoni. Mimi nimeishia darasa la tatu, Kiingereza cha kwenye jalada sikijui, lakini ule muziki naujua kuliko wengi waliosoma. Ni wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Wanaanza pamoja, mbio mbio, mpaka hujui yupi ni yupi. Halafu tarumbeta inashika peke yake, inapanda juu inachekelea, na kabla mchi wake haujagusa chini, saksafoni imeshainua wa kwake. Haraka vile, na michi haigongani hata mara moja! Nani anaweza hayo? Mimi naweza, na marehemu dada yangu aliweza, basi. Na mume wangu aliweza kwa tarumbeta yake, yeye na rafiki yake Sefu mwenye saksafoni, katika bendi ya dansi ya mji wetu. Simsifu kwa kuwa ni wangu. Watu walikuwa wanaacha kucheza, wanasimama katikati ya ukumbi kuwatazama.

Santuri yenyewe ilikuwa mali ya Sefu. Alimwazima mume wangu ajifunzie nyumbani. Mimi nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili, hodari wa usafi, sufuria zangu jirani alikuja kujitazamia uso. Nikaiona ile sahani nyeusi ina vumbi limeingia kwenye mistari. Nikaisugua kwa dodoki na majivu. Nikaisuuza, nikaianika kichanjani pamoja na vyombo.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini aliikuta pale kichanjani. Akasema neno moja tu, "Usimwambie mtu." Kesho yake akamwambia Sefu kwamba imemponyoka yeye ikaanguka. Sefu akamjibu, "Mtu asiyetunza changu hawezi kusimama ubavuni mwangu." Akamwachia santuri yake mbovu, akahama bendi. Hawakupiga pamoja tena mpaka mmoja ameingia kaburini. Na mimi nikanyamaza miaka yote hiyo. Nilijua kota nzima ingenicheka, na mimi sikuumbiwa kuchekwa.

Ikabaki kwetu. Inakwaruza kama karanga zinazokaangwa, na pale tarumbeta inapomaliza ili saksafoni iingie, sindano inaruka. Tuliweka sarafu juu ya kichwa cha sindano kukitia uzito, bado inaruka. Basi kila Ijumaa mume wangu akifika pale ananyanyua sindano, anapiga kwa mluzi kile kipande chote cha Sefu, noti kwa noti, kisha anaishusha mbele yake. Watoto wetu wamekua wakidhani muziki ndivyo ulivyo, una mluzi katikati.

Hiyo juzi, Zaituni alipoiweka, sindano iliruka na hakuna aliyepiga mluzi. Nikamwambia azime. Moyoni, kimya.

Ndiyo hivyo nikalala. Nikaona niko uani, jua la saa tisa limewaka, king'ora cha karakana ya reli kinalia, na hicho king'ora kilishakufa zamani. Mume wangu anaingia. Amevaa shati jeupe la bendi, amenyoa ndevu. Hanisalimu. Nami sishangai kwamba ni marehemu. Ninachokiona ni viatu vyake, havina vumbi.

Anakwenda kichanjani. Santuri iko pale, inachuruzika maji. Anaichukua, anaipangusa kwa leso, na ua limekuwa ukumbi wa dansi, viti vimepangwa, vitupu vyote. Mimi nipo jukwaani na kinu changu, mchi mkononi. Anaweka santuri kwenye gramafoni. Inalia safi, haina mkwaruzo hata chembe. Nasikia vitu ambavyo sikuvisikia tangu nilipoiharibu: yule mpiga ngoma nyuma anavyowakimbiza kwa vijiti, tarumbeta inavyovuta pumzi kabla ya kuruka, na wale wawili wanavyopeana nafasi kama watu waliokula sahani moja tangu utotoni. Mume wangu anainua tarumbeta yake, anapiga humohumo ndani yao. Mashavu yamejaa. Mimi natwanga. Upande wa pili wa kinu kuna mchi mwingine, umesimama wenyewe, haujashikwa na mtu.

Anafika mwisho wa kipande chake. Anashusha tarumbeta. Santuri inazunguka lakini imenyamaza.

"Baba Zuhura," namwambia, "piga mluzi basi. Kama siku zote."

Anatazama mlango. "Nimempigia zamu yake miaka yote. Nimechoka."

"Na yeye mbona haji?"

Ndipo ananigeukia, na uso wake hauna hasira. Afadhali ungekuwa na hasira.

"Hajaambiwa."

Nafungua kinywa nimjibu. Kimejaa majivu.

Nikaamka nimekunja ngumi zote mbili, kama aliyeshika mchi. Nje kulikuwa kunapambazuka, Zaituni anafagia. Nikamwita.

"Vaa ushungi uende kwa Shemeji Sefu, pale nyuma ya stesheni."

"Yule mzee aliyesimama mbali siku ya mazishi? Kulikoni, Bibi, asubuhi yote hii?"

"Mwambie santuri yake haikuanguka. Babu yako alinisitiri. Niliisugua mimi, kwa dodoki na majivu."

Fagio likamtoka mkononi. "Uliisugua santuri? Kama sufuria?"

"Na nikaianika kichanjani."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Miaka yote nilikuwa nakiogopa hicho kicheko, kumbe chenyewe ndicho hiki, kicheko cha mtoto. Nikakisikiliza mpaka kikaisha. Hakikuuma. Hakuna kilichokuwa kinauma. Lakini nilikisikia.

"Akiniuliza kwa nini hukusema siku zote?"

"Mwambie nilikuwa najiona. Useme hivyohivyo, usinipambe. Kisha mwambie aje na saksafoni yake. Niko edani, sitatoka. Yeye atakaa barazani, mimi nyuma ya pazia."

"Bibi, yule mzee hana meno."

"Anayo ya bandia, nimeyaona mazishini. Nenda!"

Akafika mlangoni, akageuka. "Na asipokuja?"

"Atakuwa ameambiwa."

Alipoondoka nikaitoa santuri ndani ya jalada lake. Sikuipangusa. Nikaiweka kwenye gramafoni, nikakiweka kiti kimoja barazani, nikashusha pazia, nikakaa upande wangu na ile sarafu kiganjani. Ikifika pale inaporuka, nitanyanyua sindano, nami nitakaa kimya. Zamu ni yake.